Nukta za Rangi ya Kucha

Jumamosi hiyo duka la vyombo vya muziki lilifurika watu mpaka mlangoni, na msusi mmoja alikuwa amekwisha kukasirika kabla hajahudumiwa. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, nywele kazisuka mwenyewe, mgongoni gitaa la umeme alilolinunua kwa mteja wake aliyelichoka. Alitaka amplifaya ya kujifunzia, ya kukuzia sauti ya gitaa. Muuza duka hakumsikiliza hata kidogo. Alimsukumia dude lililomfika kiunoni, akiapa kwamba wapigaji wakubwa wote wanatumia hilo.

"Usilichukue, dada," mtu alisema nyuma yake. "Hilo ni la ukumbini. Chumba chako kikoje?"

Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka, nyaya zimemning'inia begani. Mtaani walimwita Waya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufunga mitambo kwenye harusi na mikutano.

"Kitanda, kabati na mimi," msusi alijibu.

"Nyuma ya ukuta yupo nani?"

"Mama yangu."

Waya akaendelea kuuliza: anataka kupiga tu au na kurekodi, kompyuta anayo, anaimba kwa sauti ya chini au ya juu. Ndipo akamchagulia amplifaya ya kubebeka kwa mkono mmoja, yenye tundu la hedifoni ili mama alale, kiboksi cha kuunganishia gitaa na kompyuta, na maiki iliyotumika lakini nzima. Habari za kubandika sponji ukutani asihangaike nazo. Afungue kabati, aimbe akizielekea nguo zake, zimeze mwangwi. Akiba ya msusi ilitosha, na nauli ikabaki. Akapenda hapo hapo, wala hakupenda urefu wala macho. Alimpenda kwa sababu aliuliza kwanza.

Mapenzi yakanoga, simu hazikupoa.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Nasuka. Niache."

"Unamsuka nani?"

"Mke wako mwingine. Nywele zake ngumu kama kichwa chako."

Kila jioni msusi alifungua kabati akarekodi. Siku alipoipata sauti ya gitaa aliyokuwa akiitafuta, alitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha kando ya kila kitufe cha kuzungusha cha ile amplifaya, pale kilipoelekea, asiipoteze tena. Wimbo wake wa kwanza ulibakiza ubeti mmoja tu ukamilike.

Waya naye, alipojua anapendwa, akaacha kuuliza. Alimwagizia chakula bila kumuuliza, akamwambia mama mtu kwamba mwakani msusi atahamia kwake, na msusi mwenyewe akalisikia hilo kwa mama. Inaudhi, nasema wazi. Msusi alimeza.

Mpaka jioni moja aliporudi kutoka kazini akalikuta lile dude la dukani limesimama kando ya kitanda, limefungwa utepe. Akapiga simu.

"Amplifaya yangu iko wapi?"

"Umeiona zawadi?" Waya alicheka. "Ile nimeirudisha dukani, nikaongezea juu. Umekua sasa, mpenzi. Kile kidude hakikufai."

"Nani kakwambia?"

"Mimi ni fundi, najua."

"Unajua vyombo. Mimi hunijui."

Waya akapandwa na hasira, akamwita mtu asiye na shukrani. Msusi akakata simu. Mama alipomwambia zawadi haikataliwi, msusi alimuuliza angejisikiaje akikuta sufuria zake zimeuzwa akiwa sokoni. Lile dude lenyewe, likifunguliwa kidogo sauti ilififia, likizidishwa lilitetemesha dirisha. Wimbo ukakwama, na kila Waya alipopiga simu msusi aliiangalia ikiita mpaka ikachoka.

Waya alikaa na hasira zake, akijiona kaonewa. Siku moja akiwa ukumbini anafunga mitambo, alitoka kidogo, na aliporudi alikuta mwenye harusi amehamisha spika zake zote ili zipendeze kwenye picha.

"Kwa nini hukuniuliza?" alifoka. "Hii ni kazi yangu!"

Maneno yakamrudia mwenyewe. Alisimama ameshika waya, uso umemwiva kwa aibu. Alipomaliza kazi alikwenda moja kwa moja dukani.

Msusi alifungua mlango kidogo tu. Waya alikuwa amekumbatia ile amplifaya ndogo, ovaroli imejaa vumbi.

"Wameisafisha kwa spiriti, waiuze," alisema. "Nukta zako zimefutika zote. Ningeweza kukisia, lakini sauti ni yako." Akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. "Zilikuwa wapi?"

Msusi alikuwa bado na hasira, na hakuificha. Alikipokea kichupa, akakaa chini, akachomeka gitaa, akazungusha vitufe polepole akisikiliza. Mara mbili mkono wa Waya ulinyanyuka kumrekebisha, na mara mbili aliushusha. Nukta zilipokauka, Waya alimwomba msamaha, kisha akasema, "Nina swali jingine. Kubwa."

"Kaa hapo. Usiseme neno."

Akafungua kabati, akavaa hedifoni, akarekodi wimbo wote na ule ubeti uliobaki. Waya alikaa ukingoni mwa kitanda, mdomo kaufunga, jasho linamtoka. Msusi alivua hedifoni, akazima maiki, akamgeukia.

"Sasa uliza."