Gene Hakusema Basi

Mpaka leo sijui supu ile ilikuwa inakwenda wapi. Kila Jumapili baada ya misa, Verna Kaczmarek aliagiza mabakuli mawili, lake na la mumewe Gene, ambaye tulimzika mwezi wa pili. Mkahawa wetu wa Kiitaliano hapa Toledo huongeza supu bure mpaka mteja achoke. Bakuli la Gene lilirudi jikoni tupu, likajazwa, likarudi tupu tena.

Dessa, mhudumu wao wa miaka yote, alidhani Verna ndiye anayekula. Lakini Verna alizidi kukonda. Kufikia Pasaka nguo zilikuwa zikimning'inia, na chakula, alisema, hakikuwa na ladha tena mdomoni mwake. Jumapili moja ya Mei, Dessa alisikia harufu ya mafuta ya mashine, ile aliyokuwa akitoka nayo Gene kwenye kiwanda cha vioo, kisha, mchana kweupe, watoto wakicheka meza ya pili, kijiko kikagonga bakuli la Gene taratibu, kikagonga tena, na supu ikashuka kana kwamba inanywewa na mtu mwenye njaa asiyejua kwamba ameshakula, na Verna, badala ya kuogopa, akainama akaipuliza isije ikamuunguza.

"Anakumaliza, Verna," Dessa alinong'ona.

"Najua. Lakini nikimnyima, nitakula na nani?"

Joyce, binti wa Verna, alimleta padri mkahawani akanyunyiza maji ya baraka. Jumapili iliyofuata supu iliongezwa mara saba.

Ndipo Dessa akawaeleza mama na binti alichokuwa amekificha. Pale kwetu mhudumu humkwaruzia mteja jibini juu ya chakula mpaka mteja mwenyewe aseme basi. Mzaha wa Gene ulikuwa kutosema. Siku ile ya mwisho alinyamaza huku akitabasamu, naye Dessa akaendelea kukwaruza, akimtania kwamba leo atamfukia, kumbe moyo wa Gene ulikuwa umeshasimama.

"Hakusema basi," Dessa alisema. "Na mimi sikuacha."

Verna alimshika mkono, hakumlaumu. Wakakubaliana watatu hao kwamba neno lile lisemwe kwa niaba ya Gene. Joyce alijitolea. Verna akakataa, mke wa Gene ni yeye.

Jumapili iliyofuata Dessa akakwaruza juu ya bakuli la Gene. Jibini likafunika supu, likapanda, likamwagika mezani, na mkono wa Dessa ukawa umeshikwa na baridi ambayo haikumwachia hata alipojaribu kuuvuta, huku Verna akifungua mdomo na kuufunga, akifungua na kuufunga, mpaka akaweka kiganja chake juu ya bakuli, jibini likawa linamwangukia vidoleni.

"Basi, Gene," akasema. "Umeshiba, mume wangu."

Mkono wa Dessa ukaachiwa. Verna akakaa na bakuli lile, limejaa vilevile, mpaka supu ikapoa.