Neno "Juu" Kwenye Karatasi

Tangu shule ifungwe kwa sababu ya surua, Bi Maswali alianza siku kwa kufua nepi za mdogo wake na kuzianika uani. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa kuwa hakuna jambo lililompita bila kuuliza sababu. Nepi alizifua, lakini mtoto mwenyewe, mwenye wiki mbili tu duniani, hakuwahi kumpakata. Kadi ya chanjo ya Bi Maswali ilikuwa imepotea, na muuguzi alimtoa damu ili ijulikane kama ana kinga ya surua kabla ya kumkaribia mtoto.

"Subiri majibu, mwanangu," mama alimwambia.

Majibu aliyaleta shangazi yake, fundi cherehani aliyekuja kumsaidia mzazi. Alisoma kwa sauti: "Kingamwili za surua: juu." Akashtuka. Katika nyumba ile, neno "juu" halikuwahi kuleta heri. Presha ya baba ilikuwa juu, sukari ya bibi ilikuwa juu.

"Una surua ya kupindukia! Mlango wa mama yako usiuguse, na nepi ziache!"

"Lakini shangazi, mbona sina homa wala vipele?"

"Maswali yako yatie mfukoni. Imeandikwa hapa."

Alitengewa kikombe, sahani na mkeka sebuleni. Mtoto alipolia chumbani, naye alilia, maana iliuma. Kisha akafuta machozi, akachukua karatasi na kwenda maabara.

"Njoo na mkubwa wako," karani wa mapokezi alimwambia.

Akarudi mbio. "Shangazi, twende tukaulize. Wakisema ni surua, nitakaa mkekani mwezi mzima bila kunung'unika."

"Nina gauni la watu hapa. Kesho."

Kesho yake, kabla cherehani haijafunguliwa, Bi Maswali alikuwa amesimama kando yake, viatu miguuni, karatasi mkononi.

"Mtoto huyu ni kupe!" shangazi alicheka bila kupenda, akachukua mkoba.

Mtaalamu wa maabara aliisoma karatasi, akatabasamu. "Kingamwili ni walinzi wanaotengenezwa na mwili baada ya chanjo au baada ya kuugua. Kipimo hiki kilitafuta walinzi wanaobaki muda mrefu. Wapo wa kutosha. Binti huyu ana kinga."

"Kwa hiyo juu ni nzuri?" shangazi aliuliza.

"Kwa kipimo hiki, ndiyo. Kwa sukari, hapana. Na vipo vipimo vya kingamwili ambapo kiwango cha juu huonyesha ugonjwa wa sasa. Kila kipimo kina maana yake."

Walipofika nyumbani, shangazi alimsimamisha Bi Maswali mbele ya mama yake.

"Nimekunyima ndugu yako kwa neno nisilolielewa. Kitambaa cha mteja sikikati kabla ya kupima, lakini jana nilikata tu. Nisamehe. Nawe mwanangu, ukipewa majibu ya hospitali, usiogope wala usishangilie mpaka umwulize mtaalamu yana maana gani. Na usione haya kuuliza mara ya pili."

Bi Maswali alinawa mikono kwa sabuni, akaketi kitandani. Mama akamwekea mtoto mapajani. Mtoto akapiga miayo, akalala.

"Mlete sasa, umechoka," mama alisema baada ya muda mrefu.

Mikono ilikuwa imekufa ganzi kabisa. "Sijachoka, mama," alijibu Bi Maswali, na kwa mara ya kwanza hakuwa na swali.