Kiti cha Mteja

Kiti kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa umebonyea.

Binti aliliona hilo alipoingia kwenye usaili wa tano, akalipuuza kama alivyopuuza kila kitu katika kampuni ile ya programu za simu. Watu wazima na ndevu zao wanasukumana kwenye bembea ofisini, wananyonya juisi ya bure, halafu wanamsaili fundi wa kompyuta mara tano utadhani kaja kuposa binti wa mfalme! Angeshawaachia bembea zao. Ila kampuni ilikuwa na bima iliyomtibu hadi mzazi wa mfanyakazi, na mama yake, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka, alikuwa akikosa kusafishwa damu kwa kukosa pesa.

"Kabla hatujaanza, kisalimie kiti," alisema meneja, kijana wa ndevu za kupaka mafuta na akili za kuazima. "Ni cha mteja. Kila kikao tunamwekea nafasi na kumkaribisha kama vile yupo. Ndio utaratibu wetu."

"Mnakaribisha kiti kitupu kila siku?"

"Kila siku, dada. Kwa moyo mmoja."

Mazuzu hawa, aliwaza. Akakigeukia kiti, akakiinamia kwa dhihaka.

"Karibu sana, bosi. Na ukiwachoka hawa, karibu hata kwetu. Mama yuko peke yake, anapenda wageni."

Hakuna aliyecheka. Ofisa utumishi, dada mmoja aliyekaa jirani na kiti, alifumba macho.

"Ungesalimia tu, mwenzangu," alinong'ona. "Tulianza kwa mzaha kama wewe, akaja kweli. Tumeshindwa kumtoa."

"Nani?"

Kiti kililia kwii, kama kinavyolia mtu mnene akiinuka. Mto ukafura taratibu. Harufu ya nywele zilizoungua ikampitia binti usoni, na mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, ukajifunga.

"Ametoka," meneja alisema kwa sauti ndogo, machozi yakimlenga. Kisha, bila haya, akatabasamu. "Asante sana, dada."

Binti alimsukuma kando mwoga yule. Alikurupuka akashuka ngazi mbiombio, akapiga simu ya mama ikaita bila kupokewa, akapiga tena, akakimbia juani viatu mkononi huku harufu ile ikimtangulia kila kona kama mtu anayeijua njia, na simu ilipotetemeka akadhani ni mama, kumbe ni meneja amemwandikia: hongera, umepata kazi, bima ya mama inaanza leo.

Alimkuta mama sebuleni, amesimama wima, yeye ambaye asubuhi alishikwa mkono kwenda bafuni. Uso haukuwa na uvimbe hata kidogo. Pembeni, mto wa kiti cha wageni ulikuwa ukifura taratibu.

"Mama! Umepona? Nani alikuwa hapa?"

"Mgeni wako." Sauti ilikuwa ya mama, lakini pumzi iliyotoka nayo ilinuka nywele zilizoungua. Mama akavuta kiti kingine, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akamwonyesha binti akae.

"Kabla hatujaanza," alisema, "nisalimie."