Kijani cha Uongo

Kila siku, shule ilipokuwa haijafunguliwa hata lango, Kidole alikuwa ameshafanya kazi ya mtu mzima. Alichemsha uji, akapiga pasi sare mbili, akamwosha uso mdogo wake, kisha akaanza kukisaka kiatu cha kushoto cha mdogo wake huyo, kiatu ambacho kila usiku kilikuwa na safari zake. Mdogo mwenyewe aliitwa Kipipi. Alikuwa darasa la kwanza, na kumwamsha kulihitaji mtu na nusu.

Mama yao alifua mashuka hospitalini kwa zamu, na majuma hayo alikuwa zamu ya usiku. Alirudi wao wakitoka, mgongo umempinda, viganja vimekunjamana kwa maji na sabuni.

"Mwanangu, mmekula?"

"Tumekula, mama. Chai yako iko kwenye chupa."

"Mungu akubariki," mama alisema, na kabla hajaionja hiyo chai usingizi ulikuwa umeshamchukua, kitambaa cha kichwa hajavua. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, naye alirudi nyumbani barabara ilipomwachia. Kwa hiyo kufua, kupika na kumkagua Kipipi kazi za shule kulimwangukia Kidole, binti wa darasa la saba.

Hilo la Kidole halikuwa jina la kuzaliwa. Wenzake wa chama cha kompyuta walimbandika kwa sababu aliandika kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Hata hivyo kidole hicho kimoja kiliwaacha mbali wenye vidole kumi, kwa hiyo mwenye jina aliridhika nalo.

Muhula ule chama kilikuwa kimepewa kazi nzito. Wanafunzi walikunywa maji ya tangi lililokuwa nyuma ya jiko. Tangi lilikuwa la chuma, la mviringo, limelazwa ubavu juu ya matofali kama pipa lililochoka. Mtunza maji, mzee mcheshi waliyemwita Babu Bomba, alikuwa akitia dawa ya kuua vijidudu kwa kukisia. Mara ilizidi, watoto wakawashwa koo. Mara ilipungua, watoto wakashinda chooni wakiharisha. Mwalimu mkuu akaomba chama kitengeneze programu: Babu Bomba apime kina cha maji kwa kijiti, aandike kwenye kompyuta, aambiwe vikombe vya dawa.

Programu iliandikwa na Profesa, mvulana mwenye miwani na maneno mengi. Kazi ya Kidole ilikuwa kuandika majaribio. Jaribio ni swali ambalo kompyuta huiuliza programu: maji yakifika hapa, dawa ni vikombe vingapi? Kando ya swali huandikwa jibu sahihi. Programu ikijibu hivyo hivyo, mstari wa kijani hutokea kwenye skrini. Ikikosea, mstari mwekundu. Ukishayaandika majaribio, unabonyeza mara moja tu na kompyuta inauliza maswali yote yenyewe, leo, kesho na mwakani, bila kulalamikia mgongo. Kidole aliionea wivu.

Mwalimu wa kompyuta, mama mmoja mpole wa sauti lakini mgumu wa masharti, alikuwa amemwambia, "Majibu sahihi usiyatoe kwenye programu. Yatoe kwenye tangi. Pale juu pana kibao cha chuma kinachosema kwa kila kina cha maji ni lita ngapi. Panda ngazi, ukisome, upige hesabu mwenyewe."

Jibu la tangi lililojaa lilikuwa rahisi, na la nusu ni nusu yake. Hayo mawili Kidole aliyapata akiwa ameketi. Mengine yalitaka ngazi. Siku hiyo jua liliwaka kweli, kichwa kilikuwa kizito, na nyumbani ndoo ya nguo ilikuwa inamngoja. Alijikaza kisabuni mpaka mlangoni, akaitazama ngazi, akarudi kuketi. Halafu kidole chake kikaandika mstari mmoja mfupi: pale palipotakiwa jibu sahihi, kompyuta ikaiulize programu yenyewe. Akabonyeza. Skrini nzima ikawa kijani.

Alijua alichofanya. Ni sawa na kumpa mwanafunzi karatasi yake mwenyewe asahihishe, tena kwa majibu aliyoyaandika yeye. Akajiambia atarekebisha kesho. Kesho ikaja na nguo zake za kufua, na keshokutwa nayo ikaja na za kwake.

Basi ikafika siku ya mwisho kabla ya kumkabidhi Babu Bomba programu.

"Leo hatuijaribu programu," mwalimu alisema. "Leo tunayajaribu majaribio."

Profesa alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kesho tutayajaribu majaribio ya majaribio?"

"Cheka tu. Nitaanza na wewe. Iharibu programu yako."

"Niiharibu?" Profesa alishika kifua. "Afadhali unikate kidole, mwalimu!"

Darasa zima likamgeukia Kidole kwa vicheko. Naye alicheka pamoja nao.

"Tunza nakala yake nzima kando, kisha uharibu hii," mwalimu alieleza. "Sema maji yakiwa chini ya nusu, dawa ni sifuri. Majaribio yakiwa mazima yatapiga kelele, tutaona nyekundu. Mlinzi huwezi kumjua kama anafanya kazi mpaka mtu ajaribu kuruka ukuta."

Profesa aliandika huku akinung'unika, akabonyeza. Mistari ikashuka kwenye skrini: kijani, kijani, kijani, mpaka chini. Wanachama wakapiga makofi kwa mazoea. Mwalimu hakupiga.

"Mnashangilia nini? Programu inasema maji machache hayahitaji dawa hata tone, na majaribio yanaitikia kwamba ni sawa."

"Labda sikuhifadhi," Profesa alisema. Akarudia. Safari hii akaandika vikombe mia. Kijani tupu.

"Una hakika unaharibu mahali penyewe?"

"Nina hakika, mwalimu."

"Ah, Profesa naye!" mmoja alidakia nyuma. "Maneno mengi, hata kuharibu hajui!" Wengine wakamcheka. Profesa akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akaivua tena. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Kidole alitazama dirishani. Nje, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamepanga foleni bombani, kila mmoja na kikombe chake. Kipipi alikuwa wa tatu. Angenyamaza, labda mwalimu angechoka kutafuta, kengele ingelia, na jioni angerekebisha kimyakimya. Lakini Profesa angebaki na aibu isiyokuwa yake. Tena je, kama jioni nayo ingemkuta hoi? Kipipi alikinga kikombe, akanywa kwa pupa, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Mwalimu, si Profesa," Kidole alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni mimi. Majibu sikuyatoa kwenye tangi. Niliichukulia programu majibu yake yenyewe. Hata ikisema uongo, majaribio yatakubali."

Mwalimu alimtazama, na Kidole aliona ni heri angegombezwa.

"Kwa nini?"

"Nilichoka, mwalimu." Machozi yakamlengalenga. "Nilichoka tu."

Mwalimu alishusha pumzi. Naye alikuwa na mrundo wa madaftari mezani na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Haya. Chukueni ngazi."

Walikwenda wote nyuma ya jiko. Profesa alishika ngazi, Kidole akapanda, akakisugua kibao chenye kutu kwa pindo la sketi na kuzisoma lita kwa sauti. Wakarudi, akapiga hesabu kwenye ubao mbele ya wote, kisha akayaingiza majibu mapya, moja baada ya jingine. Profesa akairudisha programu yake nzima, ile ambayo haikuharibiwa.

"Sasa itakuwa kijani cha halali," alisema, akabonyeza kwa madaha.

Kwenye tangi lililojaa, kijani. Nusu, kijani. Chini ya nusu, nyekundu. Chini zaidi, nyekundu. Chini kabisa, nyekundu.

"Programu yangu!" Profesa alipiga yowe.

Mwalimu alichora duara ubaoni, akapiga mstari karibu na chini yake. "Profesa, wewe ulidhani kina kikiwa sehemu moja ya kumi, maji nayo ni sehemu moja ya kumi. Lakini tangi letu limelala. Chini ni jembamba, tazama. Maji pale ni karibu nusu tu ya uliyodhani."

"Kwa hiyo dawa ingekuwa..." Profesa alianza, akasita.

"Karibu maradufu. Na kwa mgao huu wa maji, tangi letu liko chini takriban kila siku."

Kidole alitazama tena dirishani, kuelekea bombani. Hakuwaza programu wala aibu. Aliwaza koo la Kipipi.

Profesa aliketi, safari hii bila maneno, akaifundisha programu umbo la tangi lililolala. Ilimchukua vipindi viwili na mabishano kadhaa na mwalimu. Hatimaye mistari yote ikawa kijani, lakini hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Walimwangalia mwalimu.

"Iharibu," mwalimu alisema.

Profesa akaiharibu. Skrini ikajaa mistari myekundu, na watoto wakaruka kutoka vitini kwa shangwe, wakikumbatiana kama timu iliyofunga bao. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa akipita nje alichungulia, akaona nyekundu tupu, akatikisa kichwa na kwenda zake.

Waliporudi kuketi, mwalimu aliegemea meza.

"Sikilizeni. Jaribio linalosema ndiyo kwa kila kitu halitusaidii, linatulaza usingizi. Ndiyo maana tunaharibu kwa makusudi, tuone kama litakataa. Na wewe binti, kuchoka si kosa. Mimi mwenyewe nimechoka hapa nilipo. Kosa lilikuwa kuficha uchovu nyuma ya rangi ya kijani, ukatuacha tukiamini kazi imefanyika. Ungeniambia, ningempa mwingine ngazi. Leo umesema, na kwa kusema kwako tumelipata kosa ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa analijua. Mkizidiwa, semeni. Aibu ya kusema hupita. Mtoto akishakunywa yale maji, hatuwezi kuyarudisha bombani."

Profesa akamgeukia Kidole. "Na mimi unidai samahani, au nikudai?"

"Nakudai mimi," Kidole alijibu. "Nani aliyesema tangi limesimama?"

Walicheka wote wawili. Ilibaki kazi ndogo tu: jaribio la tangi tupu, kisha kuirudisha programu nzima, tayari kwa Babu Bomba. Mwalimu alimsogezea Kidole kibodi.

Kidole alikinyoosha kidole chake juu ya herufi, hakikugusa hata moja. Akakirudisha mapajani.

"Mwalimu," alisema, "nimechoka."

"Vema," mwalimu alijibu, akaisukuma kibodi upande wa Profesa. "Lala hapo mezani. Tukimaliza tutakuamsha."