Aliyeitika Mafunjoni

Jumamosi hiyo Nabalayo alifika kwenye lango la gereza saa nne asubuhi, bakuli la chapati na mukene, dagaa wa kukaanga, limefungwa kwa kitambaa, na askari wa zamu akamtazama kama mtu aliyesahau kitu.

"Nyabo, mama yangu, umerudi?" akauliza. "Umeacha nini ndani?"

Askari huyo aliitwa Ayoo, mama mnene wa sauti ya upole. Kwa mwaka mmoja na nusu walikuwa wamezoeana pale langoni.

"Nimerudi kutoka wapi? Ndiyo kwanza nafika."

Ayoo akacheka, akaligeuza daftari la wageni. Mstari wa tatu ulikuwa na jina la Nabalayo, jina la mumewe Sylvanus, na sahihi yake mwenyewe, ile N yenye mkia mrefu aliyojifunza darasa la tatu huko Kimilili. Karatasi pale ilikuwa imevimba kwa unyevu.

"Unaona? Umeingia saa tatu, umetoka sasa hivi. Lakini ingia, dakika kumi tu. Usiniletee maneno na wakubwa."

Nabalayo hakubishana. Alifikiri kuna mtu wa ofisini aliyekosea, ingawa hakuweza kueleza mtu angekosea vipi mkia ule.

Ukumbi wa wageni ulikuwa na benchi pande mbili na wavu wa chuma katikati. Sylvanus aliletwa huku anatabasamu. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Kampala, na mwaka 1992 alimgonga mwendesha baiskeli karibu na Nakawa, mtu akafa. Akafungwa miaka mitatu huko huko Uganda. Mkewe hakurudi Kenya. Alipata kazi ya kupika katika kantini ya kiwanda kimoja, akapanga chumba karibu, akawa anamtembelea kila Jumamosi.

"Hata hujafika barabarani umenikumbuka," Sylvanus akasema.

"Nimekuletea chapati."

"Si nimekula zako sasa hivi? Nimeshiba, Nabalayo. Tumbo limejaa kabisa."

Meno yake yalikuwa na weusi kama wa tope, na pumzi yake ikapenya wavuni: harufu ya maji yaliyolala, majani yaliyooza, na juu yake utamu wa yungiyungi. Nabalayo akarudi nyuma kidogo kwenye benchi. Akagundua kwamba mahali alipokaa palikuwa pamelowa.

Wiki hiyo hakulala vizuri. Jumamosi iliyofuata aliamka alfajiri, akafika langoni kabla ya mtu yeyote, akashika nafasi ya kwanza. Daftari lilifunguliwa mbele ya macho yake, ukurasa mtupu, na yeye ndiye aliyeandika mstari wa kwanza. Akapumua. Akatembea hadi ukumbini peke yake, nyayo zake tu zikisikika, na alipofika mlangoni alimwona Sylvanus amekwisha kaa, ameegemea wavu, anacheka kwa sauti ya chini, na upande wa wageni alikaa mwanamke aliyempa Nabalayo mgongo, mwenye gauni la kijani lenye vitone kama lile alilolivaa yeye, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa fundo lile lile la kushoto, na vidole vyake virefu vilikuwa vimepita katikati ya matundu ya wavu vikimgusa Sylvanus ncha za vidole.

Mwanamke yule akasimama bila kugeuka, akatoka kwa mlango wa pili, mlango ambao wageni hawakuwa na ruhusa ya kuutumia.

Nabalayo akaenda akashika wavu. Ulikuwa baridi na wenye utelezi.

"Sylvanus. Yule alikuwa nani?"

Mumewe akamtazama, akautazama mlango wa pili, akamtazama tena. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Wewe," akasema. Kisha akanong'ona, "Si wewe?"

Hapo ndipo alipomweleza, akiwa ameinama ili mlinzi asisikie. Miezi miwili iliyopita aliingizwa katika programu ya ufundi, kusuka mikeka na vikapu. Waliomaliza wangepewa vyeti Siku ya Familia na kupunguziwa kifungo. Kila Jumatano walipelekwa kukata mafunjo kwenye kinamasi kando ya ziwa, wafungwa kumi na wawili na askari wawili.

"Siku moja mchana tulipumzika. Nikakaa peke yangu ukingoni. Nilikuwa nakuwaza tu, nikajikuta nimeita jina lako. Kwa sauti. Mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu ukaitika."

"Sylvanus, huo ni mwangwi."

"Mwangwi ungerudisha jina. Huyu alisema, 'Naam, nakuja.'"

Sylvanus akamtupia mlinzi jicho, akainama zaidi.

"Anajua kila kitu," akaendelea. "Anajua tulivyokutana Malaba, nyimbo tulizoimba kwenye lori. Anajua habari za mtoto wetu, yule aliyezaliwa amekufa. Anasema Siku ya Familia wavu hautakuwepo. Anasema nimpe mkono tu, atanitoa humu siku hiyo hiyo, twende kwake."

"Ukamwambia nini?"

Sylvanus akafunika uso. "Nilimwambia ndiyo. Nilidhani ni wewe."

Siku ya Familia ilikuwa Jumamosi ijayo. Nabalayo alimwendea afisa wa programu, Bwana Olweny, akamwomba mumewe aondolewe kwenye sherehe. Olweny alimsikiliza kwa adabu. Akasema jina limeshapelekwa makao makuu, na asiyehudhuria anapoteza cheti na msamaha wake. "Mama, wenzako wanalilia nafasi hii. Wewe unaikimbia?"

Nabalayo alikuwa Mkristo wa kanisa kila Jumapili, lakini mwenzake wa kantini alimpeleka mtaa wa Kisenyi, nyuma ya gereji, kwa mama mmoja aitwaye Maimunah aliyewasomea dua watu wenye mashetani. Maimunah alimkaribisha kwa kahawa ya tangawizi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, huyo siwezi kumtoa mimi," akasema. "Hakuvunja mlango. Aliitwa, akaingia kwa jina alilopewa. Aliyemwita ndiye atakayemkataa, mchana, uso kwa uso, kabla hajampa mkono. Akishampa mkono, msahau."

"Atamjuaje? Hata mimi nilimwona mgongo nikadhani najiona."

"Mpeane alama."

"Anajua kila kitu anachokijua mume wangu."

Maimunah akaweka kikombe chini. "Ndiyo. Anachokijua mume wako. Amejengwa kwa kumbukumbu za huyo bwana, hana nyingine." Akamtazama Nabalayo kwa muda. "Je, kuna jambo ambalo hukumwambia?"

Nabalayo akainamia kikombe chake. Machozi yalimtoka ghafla, na yule mama hakuuliza zaidi. Alimfundisha tu maneno ambayo Sylvanus angepaswa kuyasema.

Siku ya Familia waliweka maturubai uani na benchi ndefu. Bendi ya wafungwa ilipiga, mikeka ikapangwa ukutani. Foleni langoni ilikuwa ndefu, kila bakuli lilifunguliwa, kila mtoto alipekuliwa, na Nabalayo alisimama juani saa nzima akihesabu nyimbo zilizokwisha ndani. Zamu yake ilipofika, Ayoo alishangaa.

"Kumbe mko wawili! Hukuniambia una pacha."

Nabalayo akakimbia.

Aliwaona mwisho wa uwanja, benchi la mwisho karibu na ukuta, Sylvanus ameketi wima kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano, na kando yake, bila wavu, bila hata nafasi ya kupitisha kiganja, ameketi Nabalayo mwingine, mwenye kovu lile lile la mafuta ya kantini kwenye mkono wa kulia, mwenye jino lile lile lililopishana, tena mzuri zaidi, kwa kuwa alikuwa Nabalayo kama Sylvanus alivyomkumbuka, asiyechoka, asiyezeeka, na chini ya miguu yake vumbi la uwanja mkavu lilikuwa linageuka tope, likienea taratibu kuelekea viatu vya mfungwa.

"Sylvanus," Nabalayo akaita.

Yule mwingine akageuka kabla yake. Macho yake yalijaa hofu ya kweli, au iliyofanana na ya kweli. "Sylvanus, ndiye huyu niliyekuambia," akasema kwa sauti ya Nabalayo. "Ndiye yule wa mafunjoni. Amekuja. Nipe mkono upesi."

Familia za karibu zilitazama kidogo, zikarudi kwenye vyakula vyao. Waliona dada wawili wanagombana.

Sylvanus akairudisha mikono yake magotini. "Tulikutana wapi?" akauliza.

"Malaba, kwenye foleni ya forodha," sauti mbili zikajibu pamoja, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi.

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Shati la bluu lililokosa kifungo."

Akawatazama mmoja baada ya mwingine, na Nabalayo akaona usoni mwake kwamba hajui, kwamba yuko kama mtu aliyefungiwa chumba kisicho na mlango, na kwamba mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa karibu na yule mwingine, ulikuwa umeanza kuinuka wenyewe.

"Mtoto hakuzaliwa amekufa," Nabalayo akasema.

Mkono ukasimama hewani.

"Nilikudanganya. Alikuwa msichana. Alizaliwa jioni, akalia, akanishika kidole. Aliishi mpaka alfajiri. Nesi alisema kuna hospitali kubwa, inahitaji gari. Nilituma watu wakutafute kituo cha malori, wakakukuta baa, umelewa hujielewi, wakarudi. Uliporudi wewe kesho yake nikaona macho yako, nikasema mtoto alizaliwa amekufa. Nikawaonya wote wasikuambie. Nilimpa jina, Sylvanus. Whitney. Kwa sababu nesi alikuwa anaitwa hivyo, na ndiye aliyekaa na sisi usiku kucha."

Sylvanus alitoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake, fupi, kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni. Akamgeukia yule mwingine.

"Na wewe? Sema. Mtoto alikuwaje?"

Yule mwingine akafungua kinywa. Midomo yake ikatengeneza maneno yale yale, ikijaribu kuyafuata kutoka kinywani mwa Nabalayo, ali, alizali, alizaliwa, lakini badala ya sauti yakatoka maji, maji meusi yenye nyuzi za majani, yakamwagika kidevuni na kwenye gauni la kijani, na harufu ya kinamasi ikafunika harufu ya pilau na vumbi, na uso ule mzuri ukaanza kukosa umbo, pua ikiteleza, macho yakisogea, kama picha ndani ya beseni la maji lililotikiswa.

"Sylvanus, yaseme haya!" Nabalayo akasema, akamnong'oneza sikioni maneno aliyofundishwa na Maimunah.

Naye akayasema huku analia. "Sikukuita wewe. Nilimwita mke wangu, naye amekuja. Jina si lako. Rudi ulikotoka."

Hakukuwa na kelele. Nafasi ya yule mwingine kwenye benchi ilibaki tupu, na tope chini likapasuka juani kama limekaa miezi bila mvua.

Sylvanus hakumgusa mkewe siku ile. Alikaa ameinamisha kichwa mpaka kengele ilipolia. Jumamosi iliyofuata alikataa kutoka kuonana naye, na iliyofuata. Ya tatu alikuja, akakaa nyuma ya wavu, akasema, "Nieleze habari zake. Kuanzia mwanzo." Nabalayo akaeleza, na wote wawili hawakuona nusu saa ilivyokwisha.

Kulikuwa na mtu aliyelala mkeka wa pili kutoka kwa Sylvanus, mtu mzima wa Gulu aitwaye Tarcisio, aliyefungwa maisha. Naye alikuwa kwenye kikosi cha kukata mafunjo, na tangu Sylvanus alipomsimulia yaliyotokea Siku ya Familia alikuwa akimfuata fuata. Usiku mmoja, taa ikiwa imezimwa, alimsogelea.

"Ulisimama wapi pale mafunjoni?"

"Achana nayo, mzee."

"Mke wangu Akidi alikufa wakati wa vita. Miaka minane sijapata mgeni. Hata mmoja." Akainamia sikio lake. "Alikujia kweli? Sauti ilikuwa yake kabisa?"

"Hakuwa yeye. Nimekuambia, hakuwa yeye. Yule angeniua."

"Lakini sauti," Tarcisio akasema. "Sauti ilikuwa yake?"

Sylvanus akajifunika blanketi. Kesho yake alimwendea Bwana Olweny, akamsihi amtoe mzee yule kwenye kikosi cha mafunjo. Olweny akaandika kitu kwenye faili, na Jumatano Tarcisio akapanda lori pamoja na wengine, panga begani.

Msamaha ulifika mwezi wa nane. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Sylvanus alivua sare, akapewa suruali na viatu alivyoingia navyo, akaweka kidole gumba kwenye karatasi. Nabalayo alikuwa nje ya lango, na Sylvanus aliweza kumwona kupitia upenyo, amesimama juani na kofia ya mumewe mkononi.

Ayoo alikuwa anamfungulia mlango mdogo wakati askari mwingine alipopita nyuma yao na orodha ya wageni, akielekea kwenye mabweni huku anaita.

"Tarcisio! Tarcisio una mgeni! Ni mama mmoja, anasema anaitwa Akidi!"

Sylvanus akageuka. Aliona mlango wa bweni unafunguliwa, na mzee akitoka mbio, ndevu amenyoa, anafunga vifungo vya shati, anacheka.

"Tarcisio!" Sylvanus akapiga kelele. "Usiende! Mzee, usimpe mkono!"

Tarcisio alimsikia. Aligeuza kichwa, akampungia mkono kama mtu anayemuaga rafiki kituoni, akaingia ukumbini.

Sylvanus alitaka kurudi. Ayoo akamshika bega, akamsukuma taratibu nje, kwa mkewe.

"Ssebo, bwana, wewe umeshatoka," akasema. "Huwezi kuingia tena."

Na lango likafungwa.