Maji Yamechemka, Tumbo Bado Linauma

Nyumba ya dada haikujua kimya. Vyumba sita vya wapangaji, ua mmoja, bomba moja. Asubuhi sufuria ziligongana, redio zilishindana, na habari za mtaa zilifuliwa pamoja na nguo. Siku mdogo wake alipofika likizo kutoka chuo kikuu, jirani mshona nguo alimpokea mlangoni.

"Karibu, Daktari wa Vyoo! Si ndiyo afya ya jamii mnayosomea huko?"

"Na vyoo, na maji, na midomo ya watu, shangazi!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Dada peke yake hakucheka. Alikuwa amempakata mwanawe wa miaka miwili. Walimwita Kibonge kwa mashavu yake, lakini mashavu yalikuwa yamekwisha.

"Anaharisha tena," dada alisema. "Wanasema ni meno."

Mwanafunzi alimtazama mtoto. Macho yamezama, midomo imekauka, analia bila machozi.

"Dada, maji yamemwishia mwilini. Haya si ya kungoja kesho. Twende zahanati."

Walikwenda mbio. Muuguzi alimhudumia mtoto mpaka akachangamka, akawapa vidonge vya zinki na pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini.

"Koroga pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi. Mpe kidogo kidogo, na chakula aendelee kula," alisema. "Lakini tafuteni chanzo. Mwili wake umechoka. Safari nyingine anaweza asiwahi kufika hapa."

Maneno hayo yalimkaa mwanafunzi kifuani. Waliporudi, alisimama katikati ya ua.

"Jamani, chemsheni maji ya kunywa!"

"Weee!" mshona nguo alidakia. "Tunachemsha tangu wewe hujaota meno! Unamfundisha kobe kwenda polepole?"

Mwanafunzi alitaka kubishana. Kisha akamkumbuka mwalimu wake wa mafunzo ya mitaani: mtu akikwambia anafanya, usibishane naye, mwombe akuoneshe. Akavuta kigoda.

"Yaishe, shangazi. Nitakaa nitazame tu."

Dada aliteka maji ya kukorogea dawa, akayabandika jikoni. Yalichemka, yakatokota hasa. Kibonge akaanza kulilia dawa yake. Dada akaipua sufuria, akachukua jagi, akalijaza bombani, akalimimina lote ndani ya maji ya moto.

"Dada! Umefanya nini?"

"Nimeyapoza. Nimpe mtoto yanayounguza? Hapa wote tunapoza hivi."

"Basi umewaua vijidudu, halafu umewaita ndugu zao waje matangani!"

Mshona nguo aliachia cherehani. "Mungu wangu! Na mimi najisifu kuchemsha!"

Dada alikaa chini. "Kumbe mwanangu nimemuumiza kwa mkono wangu."

"Usijilaumu, dada. Kazi kubwa umeifanya, ikaharibika mwishoni. Maji ya bomba letu ni mabichi. Ukiyachanganya na yaliyochemka, yote yanakuwa mabichi."

"Na mwenye kiu ya sasa hivi?" mshona nguo aliuliza. "Afe akingoja?"

"Hafi mtu. Funika sufuria, iweke kwenye beseni la maji baridi. Baridi ya nje itapoza, lakini tone lisiingie ndani."

Wakamwaga yale, wakachemsha mengine, wakayapoza ndani ya beseni. Walinawa mikono kwa sabuni, wakakoroga dawa. Kibonge alikunywa kijiko baada ya kijiko.

Tangu hapo, kila jioni dada alichemsha maji ya kesho yake. Yalipoa humo humo sufuriani, yamefunikwa. Asubuhi aliyamimina kwenye ndoo safi yenye mfuniko, na kuyachota kwa kata yenye mpini mrefu, vidole visiguse maji. Vyumba vingine vikafuata. Aliyesahau alikumbushwa na ua mzima, tena kwa sauti.

Likizo ilipokaribia kwisha, kilio cha Kibonge kilisikika mpaka barabarani. Mwanafunzi alitoka chumbani mbio.

"Ana nini? Tumbo?"

"Tumbo gani!" dada alicheka, amejishika kiuno. "Amemaliza chakula chake, sasa anataka changu."

Mwanafunzi alishusha pumzi. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zote, na safari hii machozi yalimtiririka mashavuni.