Peni Iliyokunjwa

Kitambuzi cha makumbusho kiliishushia sarafu ya peni miale yake, na kabla Hidaya hajavuta pumzi, sauti ya mama yake ilianza kusoma.

"Fedha. Ya Mfalme Edward wa Kwanza, imegongwa London. Nyuma msalaba mrefu, vitone vitatu kila pembe. Imekunjwa katikati."

Ilikuwa sauti ya Daktari Raya, bingwa wa sarafu za kale za Kiingereza, aliyefariki miaka saba iliyopita. Alipokuwa mahututi, makumbusho yalinakili akili yake na kuitia mtamboni. Waliiita akilinakala, wakasema ni heshima. Heshima gani ya kumfungia mtu ndani ya kabati asome sarafu usiku na mchana, wanajua wao.

Leo ridhaa ya familia ilikuwa inakwisha. Hidaya, binti pekee, ndiye wa kuiongeza au kuizima akili ile. Kusema kweli alikuja na nia ya kuongeza, maana sauti ya mama hakuwa nayo kwingine. Alitaka tu kumuuliza mwenyewe kwanza, ila mtambo ulinyamazisha kila neno lisilohusu kitu kilicholetwa. Bahati yake, jembe lilikuwa limefukua peni hii kwenye shamba lake la viazi, nje ya London.

"Shikamoo, mama. Umechoka?"

Taa nyekundu iliwaka. Hata marahaba haikuruhusiwa.

"Maswali ya sarafu tu, dada," alisema Owen, msimamizi wa chumba. Alishashika koleo. "Ngoja niinyooshe, tuipige picha."

"Usiinyooshe," ilisema sauti.

Hidaya aliuliza: "Kwa nini ilikunjwa, mama?"

"Palikuwa na mgonjwa. Enzi hizo waliikunja peni juu yake, wakamwekea mtakatifu nadhiri ili apone. Ikishakunjwa, hairudi sokoni. Kazi yake imekwisha." Sauti ilikatika, ikarudi. "Ukiinyoosha unairudisha kazini kwa nguvu. Iandikeni, kisha muiache ipumzike. Tafadhali."

Taa haikuwaka, kwa kuwa yote yalihusu sarafu. Lakini Daktari Raya maishani mwake hakuwahi kumsihi mtu yeyote kwa ajili ya sarafu, na Hidaya alilijua hilo.

"Nisomee tena, mama. Toka mwanzo."

"Fedha," ilianza sauti, taratibu mno. "Ya Mfalme Edward wa Kwanza…"

Ilipofika kwenye kukunjwa, Hidaya alibonyeza kitufe cha kuzima.